Kuchanga deki ya majaribio: mwongozo wa Hearthstone kwa mchezaji wa simu

Mwambie mtu wa Moshi kwamba jana ulikesha ukitengeneza deki, atakuuliza nyumba ilikuwa chafu kiasi gani. Huku deki hupigwa kwa ndoo na tambara. Sisi wacheza kadi za kwenye simu hatuna neno jingine, kwa hiyo humu deki ni lile fungu la kadi unalolipanga mwenyewe kabla ya kuingia kwenye mechi. Deki ya majaribio ni ile ambayo hukuinakili popote. Uliona kadi mbili tatu, ukahisi zinaweza kupatana, ukaamua kujua.

Nitatumia Hearthstone kwa sababu ndio mchezo ninaoujua, na mfano wangu utakuwa deki moja niliyohangaika nayo karibu miezi mitatu, kila jioni baada ya kufunga steshenari yangu hapa Majengo. Wazo lake si geni. Wenzetu walilicheza zamani, tangu 2015 kadi zake zilipokutana. Nilijizuia tu kutazama orodha ya mtu yeyote, maana nilitaka kuyaona makosa kwa macho yangu.

Kwa asiyeujua mchezo, haya yanatosha. Hearthstone ilitoka Machi 2014 kwenye kompyuta, ikafika kwenye simu mwaka uliofuata. Deki ina kadi 30. Kadi moja huruhusiwa nakala mbili, isipokuwa lejendari, yaani kadi adimu kuliko zote, ambayo ni moja tu. Kila mchezaji ana shujaa wake, anayeanza na uhai 30. Mana, yaani nguvu ya kulipia kadi, huongezeka moja kila zamu mpaka 10. Mkononi huwezi kushika zaidi ya kadi 10, na uwanjani huwezi kuwa na askari, yaani kadi za wapiganaji, zaidi ya 7. Zamu moja ina sekunde 75. Mchezo hauna Kiswahili, kwa hiyo majina ya kadi nayaacha kama yalivyo ili uweze kuyatafuta.

Jambo la kufanya kabla ya chochote: ukifungua akaunti chagua eneo moja la kuchezea (mimi nimechagua Ulaya) ubaki hapo. Kadi ulizokusanya Ulaya hazikufuati ukihamia Marekani au Asia. Na programu yenyewe ni nzito, gigabaiti kadhaa. Ipakue penye Wi-Fi, usiipakue kwa bando la siku utakuja kulia. Mechi zenyewe hazili data sana.

Hatua ya 1: Andika deki yako inataka kushinda vipi

Kabla hujagusa kadi, shika kalamu. Mstari mmoja tu. Usiandike kadi unazozipenda, andika namna mechi itakavyoisha.

Mstari wangu ulikuwa huu: "Nimlishe adui mpaka sahani imwagike."

Umewahi kwenda kwa bibi kule mgombani? Hujamaliza ndizi ulizopewa, ameshaongeza. Ukisema umeshiba anasikia njaa. Nilitaka deki ya namna hiyo. Mkono wa adui ukijaa kadi 10, ya 11 inapokuja huungua hapo hapo, nyote wawili mkiiona, na haichezwi tena. Na fungu lake likiisha, kila anapotakiwa kuvuta kadi anaumia: mara ya kwanza 1, ya pili 2, ya tatu 3, hivyo hivyo. Mara saba zinafanya 28. Ya nane inafikisha 36, na kama hakujitibu amekwisha.

Kwenye kaunta buku niliiita Deki ya Bibi, na nitaiita hivyo humu.

Hatua ya 2: Soma kadi neno kwa neno

Hapa ndipo watu wanaparaza. Kadi nyingi za mchezo huu zina maandishi mafupi, na ufupi wake unadanganya. Tazama Coldlight Oracle, askari wa mana 3 ambaye akishuka kila mchezaji anavuta kadi 2. Kila mchezaji. Wewe pia. Nilipoiona mara ya kwanza nilichosoma kichwani ni "adui anavuta 2", na kwa sababu hiyo toleo langu la kwanza lilikuwa na tatizo ambalo nitalieleza baadaye, nililolijenga kwa mkono wangu mwenyewe.

Baada ya Oracle nikamkuta Brann Bronzebeard, lejendari wa mana 3. Akiwa uwanjani, kadi zako za aina ya Oracle, zile zinazofanya kitu pale zinaposhuka, hufanya mara mbili. Brann na Oracle pamoja ni mana 6, na kila mmoja wenu anavuta kadi 4.

Gang Up, ya kundi la Rogue (kila shujaa ana kundi lake la kadi), inachagua askari mmoja na kuchanganya nakala zake 3 kwenye fungu lako. Hii iliamua nichezee kundi gani. Bila yake mimi na adui tungekuwa tunamaliza mafungu yetu kwa mwendo mmoja. Nikiwa nayo, langu linanenepa lake likikonda. Shadowstep nayo humrudisha askari wako mkononi akiwa wa bei nafuu zaidi, umshushe tena. Sap humrudisha askari wa adui mkononi mwake, na Vanish huwarudisha wote wa uwanjani, wake na wako.

Ukimaliza kusoma, angalia kadi zako zinaruhusiwa wapi. Kuna mtindo wa Standard, unaokubali kadi za karibuni tu, na wa Wild unaokubali karibu zote. Oracle aliondolewa Standard mwaka 2018, kwa hiyo Deki ya Bibi ni ya Wild, haina mjadala.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kutumia vumbi

Kadi usizokuwa nazo unazitengeneza kwa vumbi, na vumbi hili si kama la barabara ya Pasua wakati wa kiangazi, halipatikani kwa kupita tu. Kadi ya kawaida ni vumbi 40, adimu 100, epiki 400, lejendari 1600. Ukiivunja unarudishiwa 5, 20, 100 au 400. Maana yake ukitengeneza lejendari leo na kesho ukajuta, umetupa vumbi 1200. Kuna nafuu moja: watengenezaji wakiipunguza kadi nguvu, kwa muda fulani unaruhusiwa kuivunja kwa bei kamili. Usiitegemee.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua kadi uliyoiweka nakala mbili kati ya 30. Ukianza wewe, unapewa kadi 3 na kuvuta moja kila zamu, kwa hiyo kufikia zamu ya 6 umeona kadi 9. Uwezekano wa kuwa na angalau nakala moja ni kama 52 kwa mia, ukiacha ubadilishaji wa kadi za mwanzo, ambao uko Hatua ya 8. Kufikia zamu ya 10, 69 kwa mia. Kadi ya nakala moja kama Brann ni 30 kwa mia zamu ya 6 na 43 kwa mia zamu ya 10.

Je, Brann na Oracle wote wawili? Zamu ya 6 ni kama mechi 14 au 15 katika 100. Zamu ya 10, mechi 29.

Niliirudia mara tatu kwa kikokotoo cha dukani nikidhani nimebonyeza vibaya. Wachezaji huita muungano wa kadi namna hii kombo, na Kiswahili kilishatuonya juu ya mambo yanayokwenda kombo. Deki inayongoja kadi mbili fulani zikutane, mechi nyingi itakuwa inangoja. Kwa hiyo niliamua mambo mawili kabla sijaanza: Brann simtengenezi sasa, na deki lazima iweze kuishi bila yeye.

Hesabu hii fanya kwa kila deki. Huhitaji fomula ngumu. Kwa kadi ya nakala moja, gawanya idadi ya kadi ulizoona kwa 30. Kwa nakala mbili, tafuta uwezekano wa kuzikosa zote: kama umeona 9, zimebaki 21, basi 21 mara 20, gawanya kwa 30 mara 29, kisha toa kwenye moja.

Hatua ya 4: Jenga toleo la kwanza ukijua ni baya

Toleo la kwanza lisikuchukue zaidi ya nusu saa. Gawa kadi 30 kwa kazi, si kwa uzuri. Mimi niligawa hivi: kadi 8 za wazo lenyewe (Oracle, Shadowstep, Gang Up, Vanish, mbili mbili), 12 za kuzuia na kuua askari wa adui, 4 za kutibu kama Antique Healbot anayerudisha uhai 8, na 6 za kunivutia kadi.

Anayejua kihamba cha Kichaga ataelewa kwa nini za wazo ni 8 tu. Kahawa ndiyo iliyokuwa inalipa ada, lakini ukiingia shambani unaona migomba kwanza. Migomba inaipa kivuli. Ukijaza kahawa tupu jua litaichoma.

Angalia pia bei. Panga kadi zako kwa mana, ndogo mpaka kubwa, uone kama zamu ya 1, 2 na 3 una cha kufanya. Mchezo wenyewe unakuchorea hiyo picha ukiwa unajenga. Nikiona zamu tatu za kwanza zina kadi chini ya kumi hivi, huwa narudi nyuma.

Ukimaliza, bonyeza kunakili deki. Utapata maandishi marefu yasiyosomeka, ambayo ndiyo deki yako nzima. Yabandike WhatsApp kwenye meseji unayojitumia mwenyewe, juu yake andika "Bibi 1" na tarehe. Kila toleo fanya hivyo. Siku utakayotaka kurudi toleo la 3 hutalikumbuka, nakuhakikishia.

Hatua ya 5: Tafuta mahali ambapo kushindwa hakuumi

Kuna njia tatu, nimezitumia zote.

Ya kwanza ni mechi za Casual, zisizo na cheo. Nzuri kwa kuona kama deki inasimama, lakini humo utakutana na kila aina ya mtu, na matokeo yake yanapotosha.

Ya pili ni ngazi yenyewe, yaani mechi za cheo, ila ukisimama kwenye sakafu. Ngazi ina Bronze, Silver, Gold, Platinum na Diamond, kila moja ina daraja 10 mpaka 1, kisha Legend. Ukifika daraja la 10 au la 5 la ngazi yoyote kati ya hizo, hushuki chini yake msimu huo hata ukipigwa usiku kucha. Hapo ndipo pa kujaribia. Wanaokukabili wanacheza kwa nia, na wewe huna cha kupoteza. Mimi hupanda kwa deki ya kawaida mpaka Gold 5, naiweka pembeni, nafungua ya majaribio.

Ya tatu ni mtu wako. Mchezo unakuruhusu kumwalika rafiki moja kwa moja. Mimi nina mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne, anangoja matokeo, ana muda mwingi kuliko serikali. Yeye anacheza deki za kasi, zile za askari wadogo wanaokukimbilia usoni kabla hujajipanga. Usiku wa kwanza alinifunga mechi sita mfululizo. Ya sita nilishusha Oracle zamu ya 3, nikajisifu, akavuta kadi zake mbili, akazishusha zote zamu iliyofuata.

"Anko," akasema, "unanipa kadi za bure halafu unashangaa nakupiga?"

Ni sentensi yenye thamani kuliko chochote nilichosoma kuhusu mchezo huu. Mlishe mtu aliyeshiba, anavimbiwa. Mlishe mwenye njaa, umempa nguvu ya kukubeba.

Umeme ukikatika katikati ya mechi na router ikazima, usikimbilie kukata tamaa. Washa data ya simu, fungua programu tena, itakurudisha kwenye mechi ile ile kama haijaisha. Zamu moja mbili zinaweza kukupita. Mechi kama hiyo usiihesabu.

Hatua ya 6: Fungua kaunta buku

Programu za kurekodi mechi zipo kwa wenye kompyuta. Kwa simu, daftari linatosha, na nadhani linafundisha zaidi kwa sababu unalazimika kuandika kwa mkono wako kwamba umekosea. Chora safu sita: toleo, kundi la adui, nilianza au alianza, matokeo, sababu, kadi iliyokwama.

Safu ya sababu jaza ukipigwa tu, kwa herufi moja. Mimi natumia K kwa nilizidiwa kasi, H kwa kadi hazikuja, M kwa makosa yangu, na A kwa adui alikuwa nayo tu, hakuna ningefanya. Kuwa mkali na hiyo A. Wiki ya kwanza kila mtu anaandika A.

Safu ya kadi iliyokwama ndiyo dhahabu. Mechi ikiisha, kabla hujabonyeza kuendelea, tazama mkononi umebaki na nini. Iandike hata ukiwa umeshinda. Kadi inayobaki mkononi mechi baada ya mechi inakula nafasi ya mwenzake, hata kama siku moja ilikupa ushindi wa kusimulia.

Mechi 20 za kwanza za Bibi 1: nilishinda 6. Katika 14 nilizopigwa, K zilikuwa 8, M 4, H 2. Ningekuwa natazama ushindi peke yake ningeitupa deki. Lakini H mbili tu zilinionyesha kwamba wazo halikuwa linashindwa kwa kukosa kadi. Lilikuwa linakufa kabla ya kufika mezani.

Na hizo M? Tatu kati ya nne zilikuwa kosa moja. Nilijichoma kadi zangu mwenyewe. Kumbuka nilikuwa nimeweka kadi 6 za kunivutia kadi, kwa mazoea ya deki nyingine. Oracle naye ananivutia. Nikawa najaza mkono wangu mpaka Vanish yangu ikaungua mbele yangu, mimi ndiye bibi na mimi ndiye mgeni.

Hatua ya 7: Badilisha kidogo, na ujue unajibu nini

Kila badiliko liwe jibu la kitu kilichoandikwa daftarini. Bibi 2 nilitoa kadi 4 za kuvuta, nikaweka za kuzuia mapema: Backstab, ambayo haina gharama na inamchoma 2 askari ambaye hajaumizwa, na Fan of Knives inayowagusa askari wote wa adui kwa 1 huku ikikupa kadi. Hayo yalikuwa mabadiliko manne kwa mpigo, na yalikuwa mengi. Tangu hapo nabadilisha jozi moja kwa wakati mmoja, mechi 20, kisha nyingine.

Mechi 20 zilizofuata nilishinda 12. Mpwa akapewa soda. Sasa hapa tulia. Rusha shilingi mara 20. Kupata kichwa mara 12 au zaidi hutokea karibu mara moja katika kila majaribio manne, na shilingi haijui kucheza. Kumi na mbili kwa ishirini haijathibitisha kitu. Nilicheza tena 20 na toleo lile lile, bila kugusa kadi, nikashinda 9. Jumla 21 katika 40. Nusu kwa nusu, hivyo ndivyo ilivyokuwa kweli.

Kilichobadilika kwa uhakika ni herufi. K zilipungua sana, M zikabaki. Nikaanza kutafuta M ni nini, na huku ndiko nilikokutana na kitu ambacho sikukiweka kwa makusudi.

Sap niliiweka kama breki: askari mkubwa arudi mkononi mwa adui, nipate zamu moja ya kupumua. Usiku mmoja adui alikuwa na kadi 10 mkononi. Nikamsapu askari wake. Hakurudi. Alikufa. Mkono ukiwa umejaa, askari anayerudishwa hana pa kukaa, anavunjika. Nikaweka simu chini, nikaisoma Vanish upya. Ikiwa nitashusha Oracle kwanza, mana 3, adui akajaa, kisha Vanish, mana 6, jumla 9: uwanja wake wote unakufa, na Oracle wangu anarudi mkononi mwangu tayari kwa kazi nyingine.

Miezi yote hiyo nilikuwa nazicheza kadi hizo mbili kinyume. Vanish kwanza kwa woga, Oracle baadaye. Tahadhari tu: askari wenye Deathrattle, yaani wanaofanya kitu wakifa, watakifanya hata wakifa kwa njia hii.

Kwa hiyo Bibi 4 na 5 hazikuwa na kadi mpya kabisa. Nilibadilisha mpangilio wa kucheza na nikaandika kanuni nyuma ya daftari. Bila Brann, Oracle hashuki mpaka adui awe na kadi 8: atavuta 2, atafika 10, na ile anayovuta mwanzo wa zamu yake itaungua. Akiwepo Brann, 6 zinatosha. Adui mwenye kadi 3 mkononi haongezewi hata ukoko.

Brann nilimtengeneza baada ya hapo, na si mapema. Nilitaka kwanza nione Oracle "anakwama" mara ngapi kwa kukosa nguvu. Kwa deki za subira, zile za watu wanaokusanya kadi wakingoja zamu ya 10, amelipa vumbi lake. Fungu la adui likiwa tupu, Brann na Oracle mara moja ni 1+2+3+4, uhai 10. Anavuta ya kwake, 5. Brann akiwa bado hai na Oracle mwingine akishuka, 6+7+8+9. Hapo ndipo utazishukuru nakala za Gang Up, maana wewe nawe unavuta kadi zile zile na usipokuwa na fungu utakufa naye.

Hatua ya 8: Jifunze kadi za kubaki nazo mwanzoni

Hii ifanye mwishoni, deki ikishatulia. Anayeanza anapewa kadi 3, wa pili 4 na ile Sarafu ya mana moja, na unaruhusiwa kurudisha usizozitaka mara moja. Mimi nikikutana na makundi yanayojulikana kwa kasi nabaki na Backstab na Fan of Knives, Oracle narudisha hata kama anang'aa. Nikihisi ni mtu wa subira nabaki na Gang Up na Brann. Ukikosea kuhisi, utakosea, andika.

Hatua ya 9: Jua deki yako haiwezi nini

Deki ya kasi kali bado inanishinda zaidi ya nusu ya mechi, na nimekubali. Kuna pia kadi iitwayo Prince Renathal, iliyoingia 2022, inayomfanya mchezaji abebe kadi 40 badala ya 30 na uhai zaidi. Kumlisha mtu mwenye fungu la 40 ni kazi ya kutwa. Nilijaribu kuongeza kadi za kumjibu, deki ikapinda, mechi nyingine zote zikaharibika, nikazitoa. Ukiziba kila tundu unabaki na deki isiyo na wazo.

Weka pia kikomo kabla hujaanza. Changu kilikuwa mechi 150 au mwisho wa misimu mitatu, kimojawapo kitakachotangulia, na msimu ni mwezi mmoja. Ukifika kikomo na herufi zako bado ni zile zile za mwanzo, nakili maandishi ya deki, yahifadhi, funga. Kadi mpya zikitoka unaweza kuirudia. Kadi moja tu huwa inatosha kufufua wazo.

Bibi sasa yuko toleo la 7. Healbot mmoja ametoka juzi kwa sababu amekwama mkononi mara 11 katika mechi 20, na nafasi yake nimeweka Sap ya pili, ambayo niliitoa huko nyuma kwa ujinga. Nimecheza mechi 8 tu, siwezi kusema kitu. Mpwa ameomba yale maandishi nimtumie, anasema hataki kuicheza, anataka kuisoma ajue namna ya kuipiga. Nimemtumia Bibi 1.